Chupa ya mvinyo mwekundu ikishafunguliwa: namna ya kuitunza katika joto la Unguja na Pemba

Maelekezo mengi yanasema mvinyo mwekundu uachwe "kwenye joto la chumba". Chumba hicho ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Jambiani mwezi wa Februari, msimu wa kaskazi, kina nyuzi 30 na ushei mchana, na usiku hakipoi kwa kiasi cha kujivunia. Chupa iliyobaki nusu ukiiacha juu ya kabati humo, kesho yake jioni unamimina kitu kilichoshika njia ya siki.

Kwa hiyo huku kwetu mambo ni mawili, na mengine yote yanafuata nyuma. Mvinyo uliofunguliwa mahali pake ni kwenye friji, hata kama ni mwekundu, hata kama ni wa kulala usiku mmoja tu. Na usibaki kwenye chupa yake kubwa: uhamishiwe kwenye chupa ndogo inayojaa mpaka shingoni. Mwenye kuyafanya haya mawili kwa wakati hana haja kubwa ya pampu ya kunyonyea hewa wala vidude vingine vinavyouzwa.

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha nyumba za wageni na mikahawa midogo, wapishi wa nyumba za kupangisha za pwani, na yeyote anayetumia kwake.

Kinachouharibu ni nini

Anayejua tembo la mnazi anaijua nusu ya habari hii. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na la kesho kutwa unatia kwenye kachumbari. Bakteria wa siki wanakula kileo na kukigeuza asidi, na kazi hiyo hawaiwezi bila hewa. Mvinyo wa zabibu unakwenda taratibu zaidi, kwa sababu uchachu wake umekwisha, una kileo cha asilimia 12 hadi 14, na watengenezaji hutia salfaiti kidogo ya kuulinda. Lakini njia ni hiyo hiyo.

Nusu ya pili haina bakteria. Oksijeni yenyewe inaungana na vitu vilivyomo ndani ya mvinyo: rangi inafifia, harufu ya matunda inakufa, na kileo kidogo kinageuka asetaldehidi, ambayo inanuka kama tufaha lililogongwa likaachwa mezani. Dakika 20 au 30 za mwanzo hewa husaidia, kwa maana mvinyo uliokuwa umejifunga unafunguka na kunukia. Baada ya hapo hewa ni hasara.

Piga hesabu. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Ukibakisha nusu, umefungia ndani mililita 375 za hewa, na sehemu 21 katika kila 100 za hewa ni oksijeni. Hizo ni karibu mililita 79. Mvinyo ule ule ukiutia kwenye chupa ya mililita 375 ukaacha nafasi ya mililita 5 tu chini ya kizibo, oksijeni uliyoifungia ni mililita 1. Ndiyo maana chupa ndogo inaishinda pampu.

Halafu joto. Kwa kanuni ya jumla, mabadiliko ya namna hii huenda mbio mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kutoka friji ya nyuzi 4 hadi jiko la nyuzi 30, ni mara tano au sita. Siku tatu za friji ni nusu siku ya kabatini.

Vya kuwa navyo kabla hujagusa kizibuo

Kosa la kawaida ni kungojea watu wamalize kunywa ndipo itafutwe chupa ndogo. Wakati huo mvinyo umekaa wazi saa tatu, na kila mtu aliyejimiminia ameutikisa. Tayarisha mapema:

Chupa ya kioo ya mililita 375, au mbili za mililita 187 zile za kuzungusha kifuniko. Nyumba za wageni huzitupa kila wiki, zikusanye. Ukizikosa, chupa yoyote ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha chenye mpira ndani itafaa, ilimradi haikuwahi kutiwa achari, pilipili wala mafuta. Chupa ya soda ya kizibo cha bati haifungiki tena, iache. Ya plastiki ya maji itakufaa kwa siku moja au mbili, lakini plastiki hupitisha hewa polepole na hushika harufu ya kilichokuwamo.

Faneli ndogo. Kizibo cha mpira kimoja au viwili. Selotepu ya karatasi na kalamu.

Chupa zioshe kwa maji ya moto tu, au kwa sabuni isiyonukia ukisuuza mara tatu. Zipindue zikauke usiku kucha. Kisha zinuse. Ikinuka chochote, hata limau, hiyo si chupa ya kazi hii. Na kama maji ya kisima chako yana chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani ya mashariki, suuzo la mwisho liwe la maji ya kunywa.

Hatua

1. Itazame chupa kabla ya kufungua. Kizibo kikiwa kimechomoza juu ya mdomo, au pembeni pana michirizi inayonata, chupa hiyo ilipata joto kali njiani au dukani: kwenye buti la gari, au rafu inayopigwa na jua. Huenda mvinyo umeshaharibika, na hakuna utunzaji utakaourudisha. Ifungue, uonje, uamue hapo hapo.

2. Tia chupa kwenye friji dakika 30 kabla ya kufungua. Inashuka kutoka kwenye nyuzi 30 kuelekea kiwango kinachofaa kunywewa, na pia unaanza kuitunza ikiwa tayari imepoa.

3. Pangusa mdomo kwa kitambaa safi, fungua, pangusa tena ndani ya ukingo.

4. Hapo hapo, kabla hujamimina bilauri ya kwanza, jaza chupa ndogo. Inamisha chupa ndogo kidogo, mimina kupitia faneli polepole ili mvinyo uteleze ubavuni. Ukimimina kutoka juu ukatoa povu, umeutia hewa ile ile unayoikimbia. Jaza mpaka kidole kimoja chini ya mdomo kama unafunga kwa kizibo, au karibu na ukingo kabisa kama ni kifuniko cha kuzungusha.

5. Funga. Andika tarehe na saa kwenye selotepu, na neno MVINYO kwa herufi kubwa.

6. Peleka kwenye friji, rafu ya nyuma, ikiwa imesimama.

7. Kilichobaki kwenye chupa kubwa ni bilauri mbili na nusu za mililita 150. Hicho ndicho cha leo.

Hatua ya 5 isichukuliwe kama mapambo. Kwenye friji ya nyumba ya wageni mvinyo mwekundu usio na jina unafanana kabisa na sharubati ya zabibu, juisi ya choya, au ukwaju uliokolea. Ramadhani, friji ikiwa imejaa sharubati za futari, mtu aliyefunga anaweza kujimiminia bila kujua, na hapo hakuna samahani inayotosha. Watoto nao hawasomi, wanaangalia rangi. Lililo bora ni mvinyo kuwa na friji yake, au angalau kisanduku chake chenye kifuniko, pamoja na faneli na chupa ambazo hazichanganywi na vyombo vya jikoni. Mfanyakazi asiyetaka kuugusa asilazimishwe kuusogeza kila anapotafuta maziwa.

Na kama watu walishaanza kunywa, chupa imebaki na mililita 450? Jaza ile ya 375 mpaka juu, na mililita 75 zilizozidi zinywe au zitenge kwa kupikia. Usizibakize kwenye chupa kubwa kwa kuzionea uchungu. Kesho hazitakuwa mvinyo.

Ukiwa huna chupa ndogo

Rudisha kizibo kwa upande ule ule uliokuwa ndani, wenye doa jekundu. Wengi hukigeuza kwa sababu upande wa juu huingia kwa urahisi. Lakini upande huo umekaa na vumbi na pengine ukungu miezi mingi, sasa unautumbukiza kwenye kinywaji. Kikiwa kimevimba hakirudi, tumia kizibo cha mpira. Kifuniko cha kuzungusha ndicho rahisi kuliko vyote: kaza mpaka mwisho.

Kizibo kikivunjika kikaangukia ndani, chuja kwa chujio la chai la chuma lenye matundu madogo. Kitambaa cha kuchujia tui usikiguse. Hata kikifuliwa vipi, mafuta ya nazi hayatoki, na mvinyo utayabeba.

Chupa isimame. Watu huilaza kwa sababu wamesikia mvinyo hulazwa, na ni kweli kwa chupa ya kizibo cha gome ambayo haijafunguliwa, ili kizibo kisikauke. Iliyofunguliwa ni kinyume chake. Chupa ikisimama, uso wa mvinyo unaogusana na hewa ni duara dogo la upana wa sentimita 7 hivi. Ukiilaza nusu chupa, uso huo unakuwa zaidi ya mara tatu, na juu ya hayo itavuja.

Ndani ya friji

Mlangoni pasiwe pake. Mlango ndio unaopata joto kila friji inapofunguliwa, na unatikisika. Rafu ya kati au ya chini, nyuma, ndiko baridi inakotulia.

Harufu ni jambo la kweli huku. Papa wa ng'onda, dagaa, na zaidi ya vyote doriani: msimu wake ukifika, tunda moja lililopasuliwa linaishika friji nzima siku kadhaa. Chupa iliyofungwa kwa kizibo kilicholegea itaishika pia. Samaki na matunda ya namna hiyo yatie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Kama haiwezekani, ufunge mdomo wa chupa kwa nailoni ya jikoni na mpira juu ya kizibo.

Umeme ukikatika, usiifungue friji. Ikiwa imefungwa na ina vitu vya kutosha, itabaki na baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Weka chupa mbili za maji zilizogandishwa kwenye friza wakati wote. Umeme usiporudi baada ya muda huo, zishushe kwenye rafu ya mvinyo, au hamishia kila kitu kwenye deli. Waliokaa Unguja kwenye kiza cha Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawana haja ya kufundishwa thamani ya deli. Ukitumia barafu, changanya na maji nusu kwa nusu mpaka mabegani mwa chupa. Barafu peke yake huacha mianya ya hewa na hupoza polepole.

Mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa cha maji je? Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, hewa ni kavu, maji yanakauka upesi kwenye udongo na mtungi unapoa vizuri. Visiwani hewa imejaa unyevu, na wakati wa masika ni kama imelowa. Maji hayakauki, na kwa hiyo hayapozi. Utapunguza nyuzi mbili tatu tu, ambazo hazitoshi. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe nacho ni nafuu kuliko chumba cha bati, lakini bado ni cha mvinyo ambao haujafunguliwa, na si kwa miaka.

Ukikuta vipande vinavyometa kama sukari chini ya chupa au kwenye kizibo, usimwage. Ni chumvi ya asidi ya zabibu, tatareti, inayoganda kwa baridi. Haina madhara. Mimina taratibu ibaki chini pamoja na mashapo.

Itakaa siku ngapi

Hesabu hizi ni za friji inayofanya kazi, tangu saa ya kufungua.

Mwekundu mwepesi, kama Pinot Noir, siku 2 hadi 3. Mzito wenye ukakasi, Cabernet Sauvignon au Shiraz, siku 3 hadi 5. Ukakasi ule unaokausha ulimi ni tanini, na tanini hujitolea kuchukua oksijeni kabla ya vingine. Kwenye chupa ndogo iliyojazwa mara baada ya kufungua, ongeza siku mbili, mara nyingine wiki nzima. Kwenye chupa kubwa iliyobaki robo, kata nusu.

Chupa ya zamani, ya miaka kumi na kuendelea, imalizwe siku ile ile. Ilishatumia nguvu zake. Saa chache za hewa zinatosha kuimaliza.

Port na nduguze, waliotiwa pombe kali wakafikia asilimia 18 hadi 20, hukaa wiki mbili tatu na zaidi. Mwekundu mtamu wa kileo cha kawaida ni wa kuangaliwa: sukari iliyobaki inaweza kuanza kuchacha upya. Ukiona vipovu, au kizibo kikaruka kwa kishindo, ndiyo hali hiyo.

Mvinyo wa boksi, wenye mfuko na bomba, ndio unaolifaa joto letu kuliko kiburi cha wanywaji kinavyokubali. Mfuko unasinyaa kadiri unavyomimina, hewa haipati nafasi. Kwenye friji utafika wiki nne hadi sita. Juu ya meza ya jiko hautafika mbali hivyo, kwa sababu nailoni ya mfuko nayo inapitisha hewa kidogo kidogo, na joto linazidisha.

Pampu na gesi

Pampu ya mkono ya kunyonyea hewa inasaidia kidogo. Haitoi hewa yote, mpira wake hulegea baada ya saa kadhaa, na ikinyonya inaondoka na sehemu ya harufu. Ukiwa nayo, piga mpaka iwe ngumu, acha. Rudia kila baada ya kumimina, na bado chupa iende kwenye friji. Watu huiamini pampu wakaiacha chupa mezani, hapo ndipo inapowaharibia.

Gesi ya agoni ni bora, maana ni nzito kuliko hewa na hutandaza blanketi juu ya mvinyo. Puliza mipigo mifupi mitatu minne kwa mrija uliogusa ubavu wa shingo, funga upesi. Kwa hoteli inayouza kwa bilauri inalipa. Kwa nyumba inayofungua chupa moja kwa wiki, chupa mbili ndogo zinafanya kazi ile ile bila gharama.

Kuurudisha mezani

Mwekundu wa nyuzi 4 hauna harufu na unakauka mdomoni. Utoe uupe nusu saa hadi saa moja, au mimina kwenye bilauri na ungoje dakika 10 hadi 15. Kwenye joto letu bilauri hupanda upesi. Unatafuta nyuzi 16 hivi, na mwepesi hata 13 au 14. Bilauri ikishikwa iwe baridi kama maji ya mtungini, siyo kama ya friji. Usiipashe kwenye maji ya moto. Na ile usiyokusudia kuinywa usiitoe nje: kupanda na kushuka joto mara tatu kwa siku ni vibaya kuliko kukaa siku moja zaidi kwenye baridi.

Vinzi vya matunda, vile vidogo vinavyozunguka maembe, vinabeba bakteria wa siki miguuni. Kimoja kikizama kwenye bilauri ni bilauri moja. Kikizama kwenye chupa, chupa nzima imepandwa mbegu. Funika kati ya mmimino na mmimino.

Umeharibika au bado

Mimina kidogo kwenye bilauri ya kioo kisicho na rangi, iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa mvinyo mchanga ukiwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, hewa imeshapita. Nusa. Siki ni wazi. Harufu ya rangi ya kucha inatokana na bakteria wale wale. Tufaha lililogongwa ni asetaldehidi. Kadibodi iliyorowa ni kosa la kizibo tangu kiwandani, si la kwako. Mrudishie muuzaji kama bado mapema. Mwisho onja tone: ukiwa mkali bila tunda lolote nyuma yake, usimpe mgeni. Hautamdhuru kwa kawaida, ila hatarudi.

Ule uliochoka lakini haujawa siki ni wa sufuria. Gandisha kwenye trei ya barafu, vipande vya mililita 30, kisha vihamishie kwenye mfuko. Vipande viwili vinatosha sosi ya watu wanne. Usigandishe kwenye chupa iliyojaa, itapasuka.

Ulioanza kuwa siki ufanye siki kweli. Chukua mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, tia vipimo viwili vya mvinyo na kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu kileo cha asilimia 13 ni kikali mno kwa bakteria. Ongeza robo ya kiasi hicho siki hai isiyochemshwa, yenye utando ndani. Funga mdomo kwa melimeli na mpira, siyo kifuniko cha bati, ambacho kitaliwa na kutu. Weka kabatini, mbali na jua na mbali na chupa zako nyingine. Nyuzi 28 za jiko la Unguja, zilizokuwa adui mpaka hapa, ndizo bakteria wanazozitaka. Wiki ya nne anza kuonja. Nyingi huiva kati ya wiki ya sita na ya kumi. Utando laini kama ngozi ya maziwa ni mzuri, uache. Manyoya ya kijani au meusi juu yake ni ukungu, mwaga yote na uchemshe mtungi.